Saa ya getini na saa ya mezani

Mwanangu mpenzi,

Huku Nansio hatujambo. Mvua zimeanza, na mama yako yuko kwenye vita yake ileile na mbuzi wa jirani. Ujumbe wako niliusoma juzi usiku. Umeniuliza: "Baba, hapa kiwandani nalipwa kwa saa. Niandike saa niliyofika getini au saa niliyoanza kukata minofu ya samaki mezani? Na wenzangu wanajaza fomu ya wiki nzima Jumamosi, nami nifanye hivyo?" Ningekupigia simu, lakini najua ungeniambia "sawa baba" halafu usiandike kitu.

Naanza na hilo la Jumamosi maana ndilo linalonikera. Nimekuwa karani wa mahudhurio kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, unakumbuka. Fomu iliyojazwa kwa mkupuo nilikuwa naitambua kabla sijavaa miwani: wino uleule, mwandiko uleule, na kila siku saa mbili kamili mpaka saa kumi na moja kamili. Daladala ya Buhongwa gani hiyo inayomfikisha mtu saa mbili kamili siku sita mfululizo? Saa za kweli zina mikia, mama. Zinasoma 1:52, zinasoma 11:09. Andika ukiingia, andika ukitoka, hapohapo umesimama. Ukikosea usipake tipeksi. Piga mstari mmoja juu ya kosa, andika sahihi pembeni, usaini.

Sasa geti na meza. Kuvaa gambuti na kofia, kunawa, kupanga foleni ya kuingia ndani: dakika ishirini hizo zinahesabiwa au hazihesabiwi? Usijiamulie wewe, wala usimwachie mwenzako wa meza ya pili akuamulie. Muulize supavaiza, tena kwa ujumbe wa simu ili jibu lake libaki. Mpaka akujibu, kwenye daftari lako mwenyewe andika zote mbili, ya getini na ya mezani.

Naam, daftari lako mwenyewe, mbali na fomu ya kiwanda. Hapa nina deni la kukusimulia.

Kompyuta zilipoletwa pale kwetu, mimi ndiye niliyekuwa naingiza saa. Mtu akifanya kazi saa 8 na dakika 30, nilikuwa naandika 8.30. Kumbe mashine inahesabu kwa kumi: nusu saa ni 0.50, robo saa ni 0.25. Ile 8.30 yangu ilikuwa inamnyang'anya mtu dakika 12 kila siku, na mimi nakunywa chai yangu kwa amani. Piga hesabu: dakika 12 kwa siku 26 ni saa 5 na dakika 12. Tuseme unalipwa shilingi 1,500 kwa saa, hapo umeshapoteza shilingi 7,800 kwa mwezi bila mtu yeyote kukuibia. Aliyeligundua ni mama mmoja mfagiaji, kusoma kwenyewe kwa shida, lakini alikuwa na daftari la mistari ya penseli, kila robo saa mstari mmoja. Alikuja dirishani kwangu, nikamjibu vibaya. Akarudi kesho yake na daftari lilelile. Ilibidi nirudie mahesabu ya miezi mitatu ya watu wote, na aibu ile naikumbuka hadi leo.

Jambo jingine la kwetu sisi Waswahili: saa moja yako asubuhi ni 07:00 ya kompyuta. Ukiandika "1:00" na anayeingiza taarifa anasoma saa za kizungu, umeshakuwa mfanyakazi wa usiku wa manane. Angalia fomu inataka saa zipi, ufuate hizo tu, usichanganye. Shifti ya usiku andika tarehe mbili, ya kuingia na ya kutoka, maana "usiku wa Jumatano" kwa mwingine ni ule wa kuamkia Jumatano.

Chakula cha mchana nacho kiandike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa mapumziko ya dakika 60 ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, na mwajiri halazimiki kuyalipia, ila kama amekutaka ufanye kazi au uwe tayari kuitwa. Kwa hiyo lori la sangara likifika ukaitwa mezani na kijiko mkononi, hiyo ni kazi, iandike. Sheria hiyohiyo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Zinazozidi ni ovataimu, mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, na ovataimu isizidi saa 50 katika wiki nne. Kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5. Malipo yakipungua, nenda kwanza kwa mhasibu na daftari lako, kwa upole. Akikuzungusha, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina ofisi hapo Mwanza, lakini madai ya namna hiyo yana siku 60 tu za kuyapeleka, usilale.

Rafiki akikuomba umsainie kwa sababu amechelewa, kataa. Atanuna wiki moja. Na wewe usijiongezee hata dakika tano.

Mfuko wa michembe unakuja na meli ya kesho. Katikati nimeweka daftari dogo na kalamu mbili, ukurasa wa kwanza nimeshakuchorea mistari: tarehe, geti, meza, chakula kutoka, chakula kurudi, kutoka. Daftari lifunge kwenye mfuko wa nailoni, kule ndani kuna maji mengi.

Baba yako