Mwarobaini wa kudumu? Tangu lini?

Msomaji wa Tanga anauliza: "Gazeti moja linaandika muarubaini, jingine muarobaini, na kamusi yangu ina mwarobaini. Nishike lipi?"

Shika la kamusi. Mu- ikikutana na a huwa mwa-: mwamba, mwavuli, mwarobaini, wingi wake miamba, miavuli, miarobaini. Jina limetoka kwenye arobaini, hesabu tuliyoichukua kwa Waarabu, maana mti huu husifiwa kwamba unatibu maradhi 40. Wanaosema arubaini siwagombi, ndivyo walivyolelewa. Swali lako limekwisha, ndugu yangu.

Sasa nina langu. Mti huu wa watu umegeuzwa kibarua wa vyumba vya habari. Foleni ina mwarobaini wake, utoro shuleni una wake, mikopo chechefu ina wake. Juzi nikakutana na kichwa cha habari hiki: "Mwarobaini wa kudumu wa uhaba wa dawa wapatikana." Nikaweka kikombe cha chai chini. Dawa ya kukosa dawa! Na mti wenye sifa ya maradhi 40 umekabidhiwa moja tu; yale 39 watayatibu kwa nini, kwa mchaichai? Lakini hayo nayapitisha kama utani. Kinachonichoma ni hilo "wa kudumu".

Aliyeliandika hajawahi kuuona mwarobaini kazini. Shangazi yangu anapoona mchicha wake umetobolewatobolewa hutwanga kokwa za mwarobaini (wataalamu husema gramu 50 kwa lita ya maji, yeye hupima kwa konzi), huziloweka usiku kucha, huchuja kwa kipande cha kanga na kunyunyiza jioni. Mbona jioni? Kwa sababu azadiraktini, kile kiini kichungu kinachofanya kazi, hakipatani na jua. Siku chache tu kimeshavunjikavunjika, na shangazi huyo anarudi na ndoo yake. Wala kiwavi hafi papo hapo. Kwanza hamu ya kula inamkatika. Kisha homoni zake zinavurugika, anashindwa kujivua ngozi ya zamani, anafia humohumo. Hiyo ndiyo dawa yenyewe: ya polepole, ya kurudiarudia. Kudumu kuko wapi hapo?

Halafu mnavyoyagombania majani! Azadiraktini imejaa zaidi mbeguni. Uchungu wenyewe ni wa ukoo mzima, ukiwamo mkangazi wa mbao na mkomafi wa kwenye mikoko: wote wana limonoidi, jamii ileile ya uchungu unaokukunjisha uso ukitafuna kokwa ya limau kwa bahati mbaya.

Na uchungu huo si mchezo. Azadiraktini ilitenganishwa na mbegu mwaka 1968, umbo la molekuli yake likaja kujulikana sawasawa 1985, na mkemia Steven Ley na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge wakahangaika miaka 22 hadi wakaiunda maabara, mwaka 2007. Sisi huku mwarobaini unapatikana kwenye semina ya siku mbili, chakula cha mchana na posho juu.

Msemo wenyewe siwezi tena kuung'oa, umeshaota mizizi mpaka bungeni. Ukiniandikia "mwarobaini wa foleni" nitameza mate ninyamaze. Pengine umesema kweli bila kukusudia, kwamba ni kitu kichungu, kinachokwenda taratibu, na jua likiwaka siku mbili tatu hakina nguvu tena. Lakini "mwarobaini wa kudumu" ukiniletea mezani nitaufuta kwa kalamu nyekundu. Lipo suluhisho, upo ufumbuzi, upo utatuzi, na yote hayahitaji kumwagiliwa. Na ile habari ya hospitali, andika kwamba dawa zimefika. Kama zimefika.