Jibu: St. Louis au Kansas City?

Ndugu yangu, umeuliza uhamishie familia St. Louis au Kansas City, maana umesoma kwamba St. Louis ndiyo kinara wa mauaji katika jimbo la Missouri, Marekani. Takwimu hizo zisome taratibu. St. Louis ilijitenga na kaunti yake tangu 1876, kwa hiyo inayohesabiwa ni mji wenyewe tu, wenye watu wasiofika 300,000; vitongoji vilivyotulia havimo. Kansas City eneo lake ni kama mara tano ya hapo, mitaa yake tulivu imo ndani ya hesabu, basi wastani wa mauaji kwa idadi ya watu unashuka. Tena St. Louis waliuawa watu 263 mwaka 2020, ila kufikia 2023 hawakufika 170. Mwaka huohuo wa 2023 Kansas City ikavunja rekodi yake ya mauaji.

Mimi niko St. Louis kusini. Kero yangu ni wezi wa magari: asubuhi unakuta vioo vimemwagika kando ya barabara kama chumvi ya mawe. Usiache hata chaja ndani. Kabla ya kusaini mkataba wa pango, pita mtaa huo saa nne usiku, uangalie taa zinawaka au la. Na kama shemeji ataingia zamu ya usiku, pima kwa miguu kutoka kituo cha basi hadi mlangoni.