Daftari limejaa, mdomoni hakuna kitu

SWALI: Mwalimu shikamoo. Kila siku nakariri maneno kumi ya Kiingereza kigumu toka kwenye dikshonari, neno na maana yake, daftari limejaa, lakini nikiongea haliji hata moja. Juzi nimemwandikia bosi kwamba yeye ni kiongozi "notorious", nikijua namsifia, akanijibu alama ya kuuliza tu. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Pole aisee, ila nimecheka kwanza ndo nikaanza kujibu. "Notorious" ni mtu anayejulikana sana kweli, ila kwa mabaya, ulichotaka ni "renowned". Shida ni kwamba umeandika "maarufu" mbele ya neno ukafunga daftari, wakati neno lina watu wake linaotembea nao, mbona kwa Kiswahili tunasema mwizi sugu na daktari bingwa, hebu jaribu kumwita daktari wako sugu uone. Kwa hiyo ukiokota neno liokote na sentensi nzima uliyolikuta nayo.

Halafu Kiingereza kina mambo yake ya kihistoria. Mwaka 1066 Wanormani walivuka toka Ufaransa wakaiteka Uingereza, wakaja na Kifaransa chao, na Kilatini kikazidi kumiminika kupitia kanisa na wasomi, ndo maana kuuliza kuna "ask" la wenyeji wa zamani, kuna "question" la Kifaransa, kuna "interrogate" la Kilatini. Hayalingani hata kidogo, "interrogate" ni polisi na mtuhumiwa, usimfanyie mama mkwe. Na hayo ya Kilatini yana vipande vinavyojirudia: "bene" ni vizuri, "male" ni vibaya, basi "benevolent" ni anayekutakia mema na "malevolent" anayekutakia mabaya, umepata mawili kwa bei ya moja.

Kumi kwa siku ni mengi mno, mi ningechukua matatu. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yake mwenyewe akachapisha matokeo 1885, akaona vitu vinapotea haraka mwanzoni kabisa, ila marudio ya kuachanisha siku yanashika kuliko kukariri kwa mkupuo. Funika maana kwa kiganja, jaribu kukumbuka kwanza ndo uchungulie, rudia kesho, rudia keshokutwa, rudia wiki ijayo.

Kuhusu bosi, mwandikie leo leo kwamba ulimaanisha "great". Neno jepesi, ila hilo hawezi kulielewa vibaya.