Pandisheni ruzuku ya mwanafunzi kwanza

Mmeuliza wiki hii: ukipewa nafasi ya kubadili jambo moja tu katika shule za umma, ungeanza na lipi? Wengi watataja mtaala au uhaba wa walimu, na wana haki. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi, na ningeanza na shilingi 10,000.

Hicho ndicho kiwango cha ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kilipangwa enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa: dola 10 kwa kila mtoto, ambazo wakati huo zilikaribia shilingi 10,000. Tangu hapo kila kitu kimepanda bei, elfu kumi imebaki pale pale, na leo haifiki hata dola 5. Tena haifiki yote shuleni: elfu nne hukatwa juu kwa ajili ya vitabu, elfu sita ndizo zinazoingia kwenye akaunti ya shule.

Pigeni hesabu. Shule ya watoto 800 inapata laki nne kwa mwezi. Humo zitoke chaki, karatasi, wino, vitasa na bawaba, nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri. Shule ya kijijini yenye watoto 150 inapata 75,000, nayo ina paa la kuziba, vyoo vya kukarabati, na duka la vifaa liko mbali zaidi. Kugawa kwa vichwa peke yake kunaziumiza shule ndogo, na hilo silisikii likisemwa.

Nimekaa nyuma ya darasa siku ya jaribio la hisabati. Karatasi hakuna, mwalimu anaandika maswali ubaoni. Ubao ukijaa anafuta upande wa kushoto aendelee. Mtoto mwenye mwandiko wa polepole alikuwa bado ananakili swali la tatu. Akasimama, akachungulia daftari la jirani, akakaa. Alama atakazopata zitahesabiwa kuwa za hisabati.

Sipuuzi yaliyofanyika. Tangu mwaka 2016 fedha hizi huingia moja kwa moja kwenye akaunti za shule kila mwezi, na hiyo ni hatua kubwa. Madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19 yalijengwa kweli. Lakini darasa hujengwa mara moja, karatasi huisha kila mwezi, na pengo hilo analiziba mzazi kwa michango inayoitwa ya hiari. Mwalimu mkuu akichangisha anahojiwa. Asipochangisha, watoto hawafanyi mtihani. Huko ni kumwonea.

Ninachotaka ni hiki: kiwango kipandishwe, kiwekwe kwenye Sheria ya Elimu, kipitiwe kila mwaka kulingana na bei, na kila shule ipewe kianzio kisichotegemea idadi ya wanafunzi. Sera mpya inasema elimu ya lazima ni miaka 10. Basi miaka hiyo itengewe fedha.

Bunge la bajeti huanza Aprili. Wajumbe wenzangu wa kamati, andikeni mapato na matumizi ya shule zenu kwenye ukurasa mmoja, mumpelekee mbunge wenu kabla makadirio ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, hayajasomwa Dodoma. Sisi wa kwetu tumeshaanza kuuandaa.