Injini Iliyoboreshwa: Ni Lini Inastahili Kuitwa Muundo Mpya?

SWALI: Toleo jipya la gari ninalokusudia kununua linatangazwa kuwa na injini "mpya kabisa". Nimelinganisha vipimo na kuona kuwa kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni ni vile vile vya injini iliyotangulia; kilichobadilika ni silinda hedi, turbo na nozeli, na nguvu imeongezeka kidogo. Fundi wangu anasema ni injini ile ile iliyovikwa nguo mpya. Nimwamini nani?

JIBU: Kwa maelezo uliyotoa, huenda fundi wako yuko sahihi, ila hoja ya vipimo hivyo viwili haitoshi kumpa ushindi. Kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni huamua ujazo wa injini na sehemu ya tabia yake, lakini havisemi lolote kuhusu namna bloku (mwili wa injini wenye silinda) ilivyosanifiwa wala namna mafuta yanavyochomwa ndani yake. Chukua injini mbili za dizeli za Toyota, 1KZ-TE na 1KD-FTV. Zote zina kipenyo cha milimita 96 na mwendo wa milimita 103, hivyo ujazo wake unalingana, takriban lita 3. Hata hivyo, ya kwanza ina kemshafti moja (mhimili unaofungua valvu) na valvu mbili kwa kila silinda, na dizeli hupuliziwa kwanza katika chumba kidogo kilichomo kwenye hedi, sehemu inayofunika silinda kwa juu, kabla moto haujaenea hadi juu ya pistoni. Ya pili ina kemshafti mbili na valvu 16, yaani nne kwa kila silinda, na dizeli hutoka katika bomba moja la shinikizo kubwa linaloshirikiwa na nozeli zote, ikapuliziwa moja kwa moja juu ya pistoni. Anayesoma ujazo peke yake atadhani ni pacha.

Kosa la upande wa pili ni kudhani kwamba mabadiliko makubwa ya tabia ni lazima yatokane na muundo mpya. Toyota hiyo hiyo ilitumia injini ya petroli ya 1NZ-FE katika magari madogo ya kawaida, na nduguye 1NZ-FXE katika Prius, gari linalotumia petroli pamoja na umeme. Kipenyo ni milimita 75 na mwendo ni milimita 84.7 kwa zote mbili. Katika ile ya Prius valvu za kuingiza hewa hufungwa kwa kuchelewa, hivyo sehemu ya hewa hurudishwa nje kabla ya mgandamizo kuanza, na uwiano wa mgandamizo unaoandikwa kwenye vipimo (ujazo wa silinda pistoni ikiwa chini ukilinganishwa na ikiwa juu) ukapandishwa hadi 13 kwa 1. Matokeo yake ni injini inayobana mafuta zaidi lakini yenye nguvu ndogo kwa ujazo huo huo, jambo linalovumilika kwa sababu mota ya umeme husaidia. Dereva huhisi tofauti kubwa, lakini mhandisi huona injini ya ukoo ule ule iliyopangiwa kazi nyingine.

Kipimo ninachokitumia mimi ni njia ambayo nguvu ya mwako hupitia. Mwako huisukuma pistoni, pistoni huisukuma konrodi, konrodi huizungusha krankishafti (mhimili mkuu wa injini), na krankishafti hulalia beringi kuu zilizomo kwenye bloku. Wakati huo huo, mwako huo huo unajaribu kuinyanyua hedi, nayo huzuiwa na boliti zilizozama ndani ya bloku. Ikiwa njia hiyo yote imekokotolewa upya, basi muundo ni mpya, hata kama kitu kimoja au viwili vimerithiwa. Ikiwa bloku na krankishafti zimebaki na mabadiliko yako juu yake tu, basi ni uboreshaji, hata uwe mzuri namna gani.

Kitu kinachorithiwa mara nyingi kuliko vyote ni umbali kutoka kitovu cha silinda moja hadi kitovu cha jirani yake. Sababu iko kiwandani: mitambo inayochonga silinda kadhaa kwa pamoja hupangwa kwa umbali huo, na kuubadilisha humaanisha kuigharimia mitambo upya. Umbali huo pia huweka mpaka wa kipenyo, kwa kuwa lazima ubaki ukuta wa kutosha kati ya silinda na silinda. Kwa hiyo wahandisi huutumia kutambua koo za injini, nao husaidia kweli, ila huchukuliwa kuwa ushahidi mzito kuliko unavyostahili.

Mfano bora ni V8 ndogo ya Chevrolet, injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, iliyotoka mwaka 1955 ikiwa na umbali wa inchi 4.40, yaani karibu milimita 112. Mwaka 1997 injini ya LS1 ilipofungwa katika Corvette, umbali ulikuwa ule ule, na kemshafti ilibaki ndani ya bloku ikiendesha valvu kwa fimbo ndefu. Hapo wengi walihitimisha kuwa ni mzee aliyenyolewa ndevu. Lakini tazama kwa karibu. Kuta za bloku ziliteremshwa hadi chini ya mstari wa katikati wa krankishafti, na kila kifuniko cha beringi kuu kikashikwa kwa boliti sita, nne kutoka chini na mbili kutoka ubavuni. Boliti za hedi zilipangwa nne kuizunguka kila silinda, badala ya tano za zamani. Distribyuta, kifaa kilichogawa umeme wa plagi kwa silinda zote, iliondolewa na kila silinda ikapewa koili yake. Mpangilio wa mwako nao, yaani zamu ya silinda kuwaka, uliokuwa 1-8-4-3-6-5-7-2, ukawa 1-8-7-2-6-5-4-3. Kwangu mimi huo ni muundo mpya, na umbali wa inchi 4.40 ni urithi tu.

Volkswagen ilifanya jambo linalokaribiana na hilo mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilipoleta ukoo wa EA211 kuchukua nafasi ya EA111. Umbali wa milimita 82 ulibaki, lakini injini iligeuzwa ili upande wa moshi uelekee nyuma ya gari, ikalazwa nyuzi 12, na mkusanyiko wa njia za moshi ukaunganishwa ndani ya hedi yenyewe.

Turudi kwenye gari lako. Usihangaike na jina la injini wala namba yake mpya, kwa sababu mabadiliko ya kudhibiti moshi peke yake yanaweza kuleta namba mpya. Mwombe fundi alinganishe katika katalogi namba za vipuri vya beringi kuu, krankishafti na bloku tupu. Gasketi ya hedi isikupotoshe, kwani huimarishwa mara kwa mara shinikizo la turbo linapopandishwa, bila bloku kuguswa. Vitatu hivyo vikiwa na namba zile zile, fundi wako ameshinda. Vikiwa tofauti, angalia pia kimo cha bloku na mpangilio wa mwako kabla ya kuamua, kwa kuwa namba ya kipuri inaweza kubadilika hata kwa sababu ya msambazaji mpya.

Likithibitika kuwa ni uboreshaji, hilo si kasoro, maana udhaifu wa bloku ya zamani huwa umekwisha kujulikana na kurekebishwa. Swali la kumuuliza muuzaji ni jingine: kwa kuwa nguvu imeongezwa juu ya bloku ile ile, je, pistoni, konrodi na njia za maji ya kupoza zimeimarishwa kwa kiasi hicho hicho, au ni turbo pekee iliyoongezewa kazi?