Pangani kwenda Saadani kwa Noah wakati wa masika: soma hapa kwanza

Mkuu, hiyo ruti ya Pasaka uliyobandika, Moshi–Mkomazi–Pangani–Saadani, siku nne, Noah, mke na watoto watatu, ndiyo ileile niliyoenda mimi. Usithubutu kile kipande cha Pangani hadi Saadani. Mengine baadaye.

Ramani inakuonyesha kamstari kafupi kando ya bahari: unavuka Mto Pangani kwa kivuko hadi Bweni, unashuka kusini, mchana umefika. Niliiamini. Zaidi ya ramani nilimwamini dalali mmoja wa safari hapa Moshi, kijana wa kapelo na maneno mengi, aliyeniambia, "Kaka, pale hata bodaboda wanapita." Hakudanganya. Bodaboda walipita. Walitupita sisi tumekwama, na mmoja akatupungia mkono.

Ilikuwa Aprili, masika imekolea. Kule kuna udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka ni mgumu kama saruji, ukinyeshewa unang'ang'ania tairi kama ugali kwenye mwiko. Tope linajaa hadi kwenye madigadi, na kila ukikanyaga mafuta gari inazidi kuzama. Yangu ilikaa tumbo saa nane mchana. Tukakata matawi, tukatandika chini ya tairi ile mikeka tuliyobeba kwa ajili ya ufukweni, ikamezwa yote miwili. Tukafungua vioo kwa joto, wakaingia mbung'o, na mimi nimevaa suruali ya bluu iliyokoza, rangi wanayoipenda kuliko zote. Mama mkwe kiti cha nyuma alishaanza rozari. Katikati ya fungu la tatu akanyamaza, akaniuliza, "Baba, huyo aliyekuelekeza, unamdai au anakudai?" Mpaka leo kwenye vikao vya ukoo nikitaja neno safari watu wanaangua kicheko.

Trekta lilikuja jioni. Laki mbili na nusu, haipungui hata mia, maana mwenye trekta anawasikia watoto wanavyolia. Na lilituvuta kurudi tulikotoka, si mbele! Chumba cha Saadani nilishalipia advansi, hairudishwi. Bampa la mbele lilibaki kwenye tope. Ukilikuta, ni langu.

Nilipompigia yule dalali akanijibu, "Sasa kaka, kwani mvua naleta mimi?" Baadaye ndiyo nikajua kwamba mara yake ya mwisho kupita kule ilikuwa Septemba, kiangazi. Mtu anakuuzia njia ya Septemba mwezi wa nne!

Kwa hiyo uliza mtu aliyepita JANA. Si mwaka jana, si wiki iliyopita. Ukifika Pangani nenda kivukoni, wasubiri madereva wanaotoka upande wa Bweni, waulize, na tazama tairi zao. Ukiona tope hadi kwenye vioo, geuza. Najua kuna mtu atakuja hapa kusema wanajenga lami ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo. Wanajenga, ndiyo. Penye ujenzi pana mchepuko, na mchepuko ukinyeshewa ni udongo uleule. Jana!

Kama roho yako yote iko Saadani, kwa kuwa ndiyo hifadhi ya taifa ya wanyamapori inayogusa bahari, basi shika barabara kuu ya Segera–Chalinze, kata kushoto pale Mandera upitie Miono. Nayo si lami, kwa hiyo nayo iulizie ya jana. La sivyo ishieni Pangani, wapeleke watoto Maziwe kwa boti. Kile kisiwa ni mchanga mtupu na maji yakijaa kinafunikwa, kwa hiyo hata bahari inaulizwa: mwenye boti akupe saa za maji kabla hujampa hela.

Mkomazi haina shida, lango la Zange liko jirani tu na Same mjini, mtaona na faru. Bei za kulala ulizouliza, wadau wengine watakusaidia. Mimi usiku ule nililala kwenye Noah.