Maswali ya Wasomaji: Somo la dimenshia linaloenea kwenye simu ya mhudumu

Barua za mwezi huu zinatoka kwa wanaotunza wazee wenye dimenshia, hali ya ubongo inayodhoofisha kumbukumbu, fikra na tabia, hapa Nairobi, na karibu zote zinahusu mafunzo ya mtandaoni ambayo nyumba kadhaa zinataka kuyaandaa kwa pamoja.

*Sisi ni nyumba tatu za kutunzia wazee. Mwenzetu mmoja anataka tulipie mfumo wa mtandaoni kwanza, mwingine anasema tunakili masomo ya Uingereza yaliyo tayari. Tuanzie wapi?*
Msimamizi, Kasarani

Anzieni kwenye daftari la zamu. Kwa wiki mbili, kila nyumba iandike kila tukio lililowashinda wahudumu: kilichotangulia, alichofanya mzee, mhudumu alivyojibu, na lilivyoisha. Mistari minne inatosha. Mkiweka madaftari matatu mezani mtaona yanayojirudia: kukataa kuoga, kutaka kwenda nyumbani jioni, kutema dawa, kumpiga anayemvalisha. Hayo ndiyo masomo yenu, na manane hadi kumi na mawili yanatosha kwa mwaka wa kwanza. Wengi hupenda kufungua na aina za dimenshia na mchoro wa ubongo. Hilo liacheni hadi baadaye. Mhudumu aliyemwagiwa uji asubuhi ana swali jingine.

Kila somo libebe tukio moja. Chukueni la kuoga. Mama anapiga kelele akivuliwa nguo. Sababu zinaweza kuwa baridi, aibu, maumivu ya viungo, au haelewi anafanywa nini, na somo lizitaje kabla ya hatua. Kisha hatua zenyewe: dirisha lifungwe, taulo na nguo safi ziwe karibu kabla hajavuliwa chochote. Beseni litiwe maji baridi kwanza ndipo ya moto, yafike nyuzi 37 au 38. Yapimwe kwa kipimajoto au kwa kiwiko, kwa sababu vidole vya anayeosha vyombo kutwa vimezoea moto. Miguu ioshwe mwanzo, uso na kichwa mwisho, na sehemu isiyooshwa ifunikwe kwa leso. Kila tendo litajwe kwa maneno machache kabla ya kufanywa. Akikataa, mwacheni, mrudi baada ya dakika 20 au 30, ikiwezekana aende mhudumu mwingine. Kufutwa kwa taulo lenye maji vuguvugu kitandani nako ni kuoga, na somo liseme hivyo waziwazi, la sivyo mhudumu atamlazimisha ili ajaze fomu.

Masomo ya kunakili huteleza papo hapo. Ya Uingereza yanadhani kuna hodhi la kujilaza na bomba la maji moto, na hapa kuna beseni, jagi na siku za mgao wa maji. Fazaa ya jioni, yaani mzee kuhangaika jua linapotua, huko inaelezwa pamoja na giza la mapema la majira ya baridi. Nairobi jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hivyo agizo letu ni rahisi zaidi: taa ziwashwe saa kumi na moja kabla vivuli havijaingia, na taa ya chaji iwe tayari stima ikipotea. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya iSupport, na ni msingi mzuri, ila yaliandikiwa jamaa anayemtunza mtu wake nyumbani. Mhudumu wa zamu mwenye wazee wanane ana shida tofauti.

Somo moja lisingoje daftari: badiliko la ghafla. Mzee aliyeongea vizuri jana na leo hajui alipo, au amezubaa kupita kawaida yake, huyo dimenshia haijamzidi usiku mmoja. Mhudumu aangalie homa, mkojo, choo kilichofunga, upungufu wa maji mwilini na dawa mpya, kisha amwite muuguzi au daktari siku hiyohiyo. Liwekeni la kwanza kwenye orodha.

Mfumo wenyewe ni jambo dogo. Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni, haina ada ya leseni. Mtalipia seva na mtu wa kuitunza, na programu yake ya simu huruhusu kupakua masomo. Kinachovunja ushirikiano wa nyumba tatu ni nani anaruhusiwa kubadilisha nini. Kila somo liwe na mwenyewe mmoja anayetajwa kwa cheo, muuguzi mmoja wa kukagua yote yanayogusa dawa, na chini ya somo namba ya toleo na tarehe ya kukaguliwa tena, isizidi miezi 12. Kubalianeni pia kwa maandishi kwamba nyumba ikijitoa, masomo iliyoandika yanabaki. Leseni ya Creative Commons, inayowaruhusu wengine kutumia kazi yenu kwa masharti mliyochagua, inamaliza mjadala huo mapema, kabla hamjakosana.

*Tuliwekewa video ya dakika 25. Bando langu liliisha kabla sijafika nusu. Tufanyeje?*
Mhudumu wa zamu ya usiku, Umoja

Onyesha waandalizi hesabu hii. Video ya dakika tatu kwa ukubwa wa 480p, ikibanwa hadi kilobiti 500 kwa sekunde, ina takriban megabaiti 11. Sauti peke yake ya dakika tano, kwa kilobiti 32, ni megabaiti 1.2. Kwa hiyo video iwe ya kuonyesha mikono tu, kama kumwinua mtu kitandani au kumlisha. Maelezo mengine yote yawe sauti na picha. Faili iwe MP4 ya kawaida inayofunguka hata kwenye simu ya bei ya chini, yenye maandishi chini yake, maana usiku wodini hamwezi kufungulia sauti. Na nyumba iweke Wi-Fi kwenye chumba cha wafanyakazi ili masomo yapakuliwe wakati wa kupokezana zamu. Kumtaka mhudumu ajifunze kazi ya mwajiri kwa bando lake mwenyewe ni dhuluma, tuseme tu.

*Tunaweza kuwarekodi wazee wetu wenyewe tukiziba nyuso zao?*
Mratibu, Lang'ata

Msiwarekodi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti, na uso uliozibwa hauzibi sauti, chumba wala khanga ambayo mtoto wake aliinunua. Idhini nayo ni ngumu kwa mtu ambaye kesho hatakumbuka alichokubali. Waigizaji wawe wahudumu wenyewe. Matukio ya daftari pia yabadilishwe umri, kabila na kazi ya zamani kabla ya kuwa somo.

*Tuandike kwa Kiswahili, Kiingereza au Sheng? Na tuuiteje ugonjwa wenyewe?*
Muuguzi, Eastleigh

Kiswahili chepesi, na majina ya dawa kama yalivyoandikwa kwenye pakiti. Ugonjwa uiteni dimenshia. “Ugonjwa wa kusahau” unamchanganya mhudumu anayemtunza mzee asiyesahau sana ila anaona watu wasiokuwapo, au aliyeanza kutukana ovyo. Hizo nazo ni sura za dimenshia. “Kichaa” lisitokee popote, hata kwenye mifano.

Jambo ambalo husahaulika: dimenshia ikizidi, wengi hurudi kwenye lugha ya utotoni. Andaeni sauti fupi za Kikuyu, Kikamba, Dholuo na Kisomali zenye maneno kumi na tano hivi: maji, choo, panaumaje, keti, tuko salama. Zirekodiwe na wenye lugha, kwa mwendo wa polepole.

*Wahudumu wote wanapata asilimia mia kwenye maswali ya mwisho. Kazini hakuna kilichobadilika.*
Meneja, South B

Majibu yapo kwenye kundi la WhatsApp, bila shaka. Wekeni maswali mengi kuliko yanayohitajika, mfumo uchague matatu kwa kila mtu, na yaulizwe tena baada ya siku saba na siku thelathini. Swali liwe tukio: “Mzee anasema mamake anamngoja getini. Unaanzaje?” Jibu baya liwe lile ambalo watu hufanya kweli, kwa mfano kumwambia mamake alishakufa, na maelezo yaseme kwa nini linaumiza: kwake ni msiba mpya kila anapousikia.

Baada ya hapo msimamizi asimame dakika kumi wakati wa kuogesha, na orodha ya mambo matano mkononi. Kama taulo haliko karibu, hilo ndilo somo la kurudia.